Bronze Bento Wanamtaka Mwimbaji Wao

Santana das Lavras, Minas Gerais
10 Machi 2003

Mwanangu Everaldo,

Mungu akubariki. Ungekuwa hapa ungeniomba baraka mlangoni kabla ya kuvua kofia, na kwa kuwa hupo nakupa kabla hujaomba. Sisi wazima. Mguu wangu wa kushoto unanisumbua kila mvua ikinyesha, na mwaka huu mvua haina adabu. Mti wa jabutikaba wa uani umezaa mpaka matawi yanaomba msaada, nimepika jamu, nimegawa mtaa mzima, na bado ipo. Neide hajambo? Mwambie ule unga wa muhogo alioniletea Krismasi uliisha zamani. Nasema tu, siombi.

Padre Onofre bado anahubiri mpaka wali unaungua majumbani. Binamu yako Benício bado ni mpiga kengele wa kanisa la Rozari, bado hajaoa, na bado anakula kwangu. Eulália wa nyumba ya pili amenunua simu mpya na sasa anajua habari kabla hazijatokea.

Sasa jambo lenyewe. Bronze Bento, bendi yenu ya hevi metali, wanarudi. Usishtuke, kaa chini kama umesimama. Benício ametoa dramu zake kwenye banda la kuku, amezipangusa, na Adalberto amekuja kutoka Belo Horizonte na gitaa lake. Kuna watu wa muziki huko mjini wamekubali kuwatolea albamu, ya kwanza tangu mvunjike, lakini wametoa sharti moja: mwimbaji awe yule yule wa mwanzo. Hawamtaki yule kijana wa Betim aliyekuja baada yako, aliyekuwa anaimba utadhani ana jino bovu.

Mwimbaji wa mwanzo ni wewe, kama umesahau. Unakuja lini?

Usinijibu kwa simu ya yule fundi matairi jirani yako. Simu ile inakula nusu ya maneno, na nusu inayobaki anaisikiliza yeye.

Shangazi yako anayekupenda,
Filomena


Vilhena, Rondônia
4 Aprili 2003

Baraka zako, shangazi.

Barua yako imefika imelowa lakini imesomeka. Sisi hatujambo. Neide anakusalimu sana, anasema unga atautuma kwa basi la kwanza litakaloweza kupita, maana barabara sasa ni matope matupu. Pole kwa mguu. Upake ile dawa ya kafuri, na usipande ngazi za kanisa kila siku, Mungu anasikia hata ukiwa jikoni.

Duka la mikate linakwenda vizuri. Tumeweka oveni mpya ya matofali. Fundi aliyeijenga alikosea mdomo wake, ikawa inatoa moshi ndani badala ya nje, wateja wakawa wananunua mikate huku wanalia. Tukabomoa, tukajenga tena. Sasa inapika sawasawa, ila lazima mtu akae karibu nayo na kuibembeleza. Ukiiacha kidogo inaunguza upande wa kushoto. Neide ana mkono mzuri wa biskuti lakini mikate ile mikubwa haiwezi. Kwa hiyo unaona.

Kuhusu hao jamaa, nimefurahi kwa ajili yao, kwa kweli nimefurahi. Wasalimie. Watapata mwimbaji mzuri tu, vijana wako wengi siku hizi.

Mwanao,
Everaldo


Santana das Lavras
25 Aprili 2003

Mwanangu,

Mungu akubariki, wewe na oveni yako.

Pasaka imepita salama. Unga umefika, mwambie Neide yeye ndiye mtu pekee mwenye akili katika nyumba hiyo. Kwenye barua yako nimesoma habari za oveni mpaka nikaanza kusikia joto, na Bronze Bento wamepata mistari miwili. Usinizungushe, Everaldo. Mimi ndiye niliyewashonea zile suruali za ngozi, nikavunja sindano tatu za cherehani, na wewe ukaicheza yako mpaka ikapasuka makalioni pale Divinópolis mbele ya watu. Nina haki ya kujibiwa.

Wanafanya mazoezi uani kwangu kila Jumamosi. Ungewaona ungecheka. Benício tumbo limetangulia, anapiga dramu kwa mbali. Adalberto alipovua kofia nilimwuliza, "Nywele ziko wapi, mwanangu?" Akanijibu, "Zilitangulia, dona Filó. Nami nafuata." Lakini mikono yake bado ni ile ile. Walipoanza kupiga, kuku wa Eulália waliacha kutaga, na yeye badala ya kulalamika akaleta kiti, akakaa, akaniambia kwa sauti ya kunishinda mimi na magitaa, "Angalau kuna uhai mtaani!"

Shida ni wakifika kwenye ule wimbo wa mteremko, "Ladeira". Unaujua. Wanapanda wee, wanapanda, halafu wanafika pale penye ukelele wako, wote wananyamaza. Benício anakohoa. Kisha wanaendelea kama watu walioruka shimo.

Studio imekodiwa kwa mwezi wa Juni na Julai. Jibu vizuri sasa.

Shangazi yako,
Filomena


Vilhena
19 Mei 2003

Baraka zako, shangazi.

Nimemcheka Adalberto na kofia yake mpaka Neide akaja kuuliza kuna nini. Sisi wazima. Mvua imeondoka na daraja la huku kwetu imeondoka nalo. Wanajenga lingine. Mwanetu mkubwa amepata kazi ya kuendesha trekta na sasa anajiona gavana.

Najua utanikasirikia. Siwezi kuja. Kwanza kuna daraja. Pili, kuna oveni, nimeshakueleza. Tatu, mama yake Neide anaumwa kiuno. Lakini kwa kuwa wewe humezi maneno matupu, nakwambia sababu yenyewe: siwezi kukaa chumba kimoja na Adalberto. Ile siku ya mwisho, Juiz de Fora, baada ya onyesho, aliniambia neno ambalo mwanamume hawezi kulisahau. Ndiyo maana nilipanda basi nikaja huku. Usiniulize aliniambia nini.

Basi tuyaache. Nitumie jamu ya jabutikaba, huku hakuna.

Mwanao,
Everaldo


Santana das Lavras
9 Juni 2003

Mwanangu,

Mungu akubariki na akusamehe uongo.

Umenikataza kukuuliza wewe, kwa hiyo nimemwuliza Adalberto. Nilimkuta anakula maharage yangu, nikamsimamia na mwiko mkononi. "Ulimwambia nini mwanangu kule Juiz de Fora?" Akaacha kutafuna. Akafikiri, maskini, akafikiri tena. Akasema, "Dona Filó, nilimwambia alete begi lake, basi linaondoka." Benício akashuhudia. Sasa niambie, ni neno gani hapo ambalo mwanamume hawezi kulisahau? Begi au basi?

Kuna kitu hunambii. Nimekulea tangu mama yako alipofariki, ulikuwa hujaota meno ya mbele, na mpaka leo ukidanganya unatoa sababu tatu. Mtu mwenye sababu ya kweli hutoa moja. Lakini sitakuchokonoa. Mimi pia kuna mambo siyasemi.

Huku hakuna jipya. Mguu umevimba, Jumapili mbili sijaenda misani, na kwa mtu wa Chama cha Rozari hiyo ni habari kubwa, watu wameanza kuniulizia kwa sauti ya chini. Jamu nimeifunga, itakuja kwa posta.

Wiki ijayo Benício atarekodi kengele za kanisa kwa ajili ya mwanzo wa albamu. Bronze Bento, shaba iliyobarikiwa, jina lao lenyewe ni la kengele, sijui kwa nini hawakufikiria zamani. Adalberto amemwambia anataka mlio wa huzuni kuliko yote aliyonayo. Padre Onofre amekubali, ameomba tu wasimwandike jina kwenye jalada.

Wamesema wakikukosa, albamu haitatoka. Nakwambia ujue, sikulazimishi.

Shangazi yako,
Filomena


Cuiabá, kituo cha mabasi
20 Juni 2003

Baraka zako, shangazi.

Sijui kama marehemu wanabariki, lakini sijui kuanza barua kwako kwa namna nyingine.

Fundi matairi alikuja mbio jana, amevaa soksi tu, akaniambia Eulália amepiga simu analia: kengele zimemlilia dona Filó. Nilikuwa nakanda. Nimeondoka na unga mikononi, shati hili bado lina unga, mama mmoja kwenye basi amenipa kitambaa akadhani ni mimi ninayeumwa. Neide atafuata na watoto. Hapa tunasubiri basi lingine. Najua nitachelewa mazishi, nyinyi huko hamkai na maiti siku mbili. Nakuandikia kwa kuwa nilizoea kukuandikia, na kwa kuwa hutaisoma, na kwa kuwa haitasomwa nitasema kweli.

Sababu ni moja, shangazi. Sauti imekwisha.

Juiz de Fora, kwenye "Ladeira", nilifungua mdomo pale penye ukelele na hakikutoka kitu. Hewa tu. Watu walidhani ni mashine zimeharibika. Nilijaribu tena mwenyewe nyuma ya basi, nikajaribu huku Vilhena porini ambako hata kasuku hawanijui. Inatoka sauti nzito ya mzee, chini kabisa, na juu hakuna njia. Nilikuwa mtu wa ukelele mmoja. Watu walikuwa wanapanda malori kutoka Ipatinga kuja kusikia ule ukelele, halafu mimi niwaambie umekufa? Nikasema ni Adalberto. Nikasema ni oveni. Oveni yenyewe, Mungu anisamehe, inapika bila kubembelezwa.

Na wewe unajua ulikotoka ukelele ule? Sikuwahi kukwambia. Ulikuwa wako. Nilipokuwa mdogo, tukicheza mpira kule chini mtoni, ulikuwa unasimama juu ya mteremko na kuniita nije kula, "Vaaadooo!", na sauti yako ilikuwa inashuka mtaa mzima, inavuka daraja, inanikamata shingoni. Wenzangu walikuwa wananicheka. Nilipoingia Bronze Bento na Adalberto akasema tunahitaji kitu cha kutisha hapa, nikafungua mdomo nikakutoa wewe. Wakasema ni sauti ya jehanamu. Ilikuwa shangazi yangu ananiita, wali unapoa.

Na sasa hakuna wa kuniita. Nakupenda, shangazi. Nilipaswa kusema ukiwa hai, na niliandika habari za daraja.

Naitia barua hii kwenye sanduku la hapa kituoni kabla sijaona aibu. Basi limefika.

Vado wako


Santana das Lavras
3 Julai 2003

Mwanangu Everaldo,

Mimi, marehemu Filomena, nakubariki.

Naituma huko studio, nimempa dereva wa basi la asubuhi, usiseme hujaipata. Ulikaa kwangu siku mbili tu na zote mbili ulizimaliza kwa kunishika mkono na kunitazama kama nitayeyuka, kisha Adalberto akakubeba ukiwa bado na furaha, maana alijua mtu aliyefurahi vile hakatai kitu. Hata sikupata nafasi ya kukusimulia kifo changu vizuri.

Benício alipanda mnarani na mashine za kurekodi. Kaambiwa apige mlio wa huzuni kuliko yote. Katika milio yake yote ya kutangaza misiba, anasema, hakuna mzuri kama ule wa mwanamke aliyekufa, tena mzee, tena wa Chama cha Rozari. Basi akapiga huo, kwa moyo wake wote, akafumba na macho. Padre alikuwa ametangaza Jumapili kwamba ni kurekodi tu, hakuna aliyekufa. Lakini wewe umezaliwa hapa. Nani katika mji huu anamwamini padre kuliko kengele?

Mji mzima ukapiga hesabu: mwanamke, mzee, wa Rozari, na nani hajaonekana misani? Mimi niko jikoni, mguu juu ya kigoda, nasikia mlio, nikafanya ishara ya msalaba nikajiuliza ni yupi kati yetu, maskini. Mara naona Eulália anaingia na keki ya mahindi mikononi, machozi yanachuruzika, nyuma yake watu wamejaa mpaka barabarani. Akaniona. Keki ikaenda chini.

"Dona Filó! Umekufa!"

"Nani kasema?"

"Kengele!"

Nilijipapasa kwanza, maana kengele ya Rozari haijawahi kusema uongo. Kisha nikawaambia waketi, kahawa ipo. Wamekaa mpaka jioni. Nimesikia mambo mazuri kunihusu ambayo watu hawa hawakuwahi kuniambia usoni, na nimekula vizuri. Benício aliposhuka akajua alichofanya, alijificha sakristia mpaka padre akamtoa kwa kumvuta sikio. Tukajaribu kupiga simu Vilhena, fundi matairi akasema umeshapanda basi.

Sasa tuyaseme yale mengine. Nilishangaa kwa nini siku zile mbili ulikuwa unakimbilia getini kila tarishi akipita. Nikadhani umepata tabia mpya huko Rondônia. Jana tarishi ameleta barua, mhuri wa Cuiabá.

Nimeisoma mara moja. Nilitaka kuirudia, macho yakakataa. Sitakwambia nimejisikiaje, kwa sababu unajua. Nami nakupenda, tangu ulipoletwa hapa na kikapu chako na kikohozi chako.

Lakini nisikilize. Benício ananiambia wiki nzima unakunywa chai ya tangawizi na kuwaambia ni vumbi la basi. Wamelipia studio, wanakungoja upone, na wewe unajua hakuna ugonjwa. Waambie leo. Ulinililia mimi nikiwa hai, sasa unaililia sauti ambayo pengine nayo haijafa, imebadilika tu. Mimi nilikuwa naimba sauti ya kwanza kwaya ya kanisa, sasa wameniweka ya pili, na bado naimba.

Waambie. Kisha uje ule.

Filomena


Belo Horizonte
16 Julai 2003

Baraka zako, shangazi, na usife tena, nakuomba.

Nimewaambia. Nilisubiri wakae wote, nikazima redio, nikasema kama nilivyokuandikia, ila bila machozi, au machozi kidogo. Wakatazamana. Adalberto akaangalia viatu. Halafu Benício akaanza kucheka, yule mshenzi, tumbo linatikisika.

"Vado," akasema, "mimi nakaa nyuma yako na dramu. Ulidhani Juiz de Fora sikusikia?"

"Ulisikia?"

"Sote tulisikia. Tulikuwa tunangoja useme. Imekuchukua miaka!"

Adalberto akatoa kanda zake. Shangazi, nyimbo zote mpya ameziandika kwa sauti ya chini, chini kabisa, mahali hasa ninapofika sasa. Ameandika hivyo tangu mwanzo, kabla hujaniletea barua ya kwanza. Nikamwuliza kwa nini hakusema. "Ungekuja?" akaniuliza. Kweli, nisingekuja.

Basi tumeimba. Siku ya kwanza nilijisikia mgeni ndani ya koo langu. Siku ya tatu fundi wa sauti akatoka kwenye chumba chake, akasimama mlangoni, akasema, "Mzee, mwili umenisisimka." Mimi ndiye mzee! Kuna wimbo mmoja unaitwa "Vumbi la Basi", Benício ameuandika kunidhihaki, na ndio mzuri kuliko wote. Kengele zimewekwa mwanzoni. Nyuma yake ukisikiliza vizuri unasikia mbwa na mtu analia, nadhani ni Eulália. Adalberto amekataa kumfuta.

Limebaki jambo moja. Wale watu wa muziki wanataka "Ladeira" iingie tena, upya, ndiyo iliyotutambulisha. Nimeimba beti zote kwa sauti ya sasa na zimekaa. Pale penye ukelele tumeacha pengo. Hakuna njia. Adalberto amejaribu kuweka gitaa, linasikika kama gitaa. Nimewaambia wauache hivyo au wautoe.

Kesho narudi Vilhena. Najua kuna onyesho la kuzindua albamu hapo Santana, mwezi wa Novemba, kwenye uwanja wa kiwanda cha nguo cha zamani. Shangazi, kuimba mbele ya mashine nimeweza. Mbele ya watu sitaweza. Watakuja kutoka Ipatinga kwa malori, watafika pale kwenye pengo, watanitazama. Watu wa hevi metali wanasamehe upara na tumbo, hilo hawasamehe. Atafutwe kijana wa siku hiyo moja.

Usinikasirikie. Nimefurahi sana kuliko nilivyotegemea, na imenitosha.

Mwanao,
Everaldo


Santana das Lavras
12 Septemba 2003

Mwanangu,

Mungu akubariki.

Sijakasirika. Barua hii ni fupi kwa kuwa nina shughuli. Mguu nafuu. Nilikwenda Belo Horizonte wiki mbili zilizopita kumwona daktari wa mguu, Benício alinisindikiza. Daktari ni mtu mzuri, chumba chake kimezibwa kuta zote kwa sponji, akaniambia nivue hereni nisogee karibu. Dawa ameniambia nitaiona baadaye.

Eulália amenunua kiti kipya cha kukalia siku ya onyesho. Padre Onofre ameulizia kama jina lake bado linaweza kuwekwa kwenye jalada.

Diski ikitoka Adalberto atakutumia. Isikilize yote, usirukeruke. Sina la kuongeza.

Koo langu limekauka kidogo siku hizi, ni hali ya hewa.

Shangazi yako,
Filomena


Vilhena
6 Oktoba 2003

Baraka zako, shangazi.

Sisi wazima wote. Neide mzima, watoto wazima, daraja limekamilika. Nimeyasema yote kwa haraka kwa sababu nataka nifike kwenye jambo.

Diski imefika leo asubuhi. Hatuna mashine, tukaipeleka kwa fundi matairi, akaiweka kwenye redio ya lori la mteja, milango yote wazi. Watu wakakusanyika na mikate yao mikononi. Nikasikia kengele zilizokulilia, nikacheka peke yangu. Nikasikia sauti yangu, nzito, ya mzee, na kwa mara ya kwanza sikutaka kuikimbia. Fundi akatikisa kichwa kwa kila wimbo. Akasema, "Baba, wewe? Na siku zote unatuuzia maandazi?"

Halafu "Ladeira". Nilitaka kuondoka. Ulisema nisirukeruke, nikabaki. Tukapanda, tukapanda, nikajiandaa kwa lile pengo.

Ukaniita.

Daktari wa mguu! Chumba cha sponji! Na mimi nilisoma barua ile nikamwambia Neide, maskini shangazi, siku hizi madaktari wana mambo. Nimetazama kwenye jalada, Adalberto ameandika: "Sauti ya juu: marehemu Filomena." Watu wa Ipatinga watadhani ni roho. Neide amekaa chini kwenye tairi analia na kucheka. Fundi matairi ameniuliza ni maneno gani yale, ni Kilatini?

Onyesho nitaimba. Beti ni zangu, na tukifika pale utasimama kando yangu, uvae lile gauni jeupe la Chama, na useme unachosema. Usinipe sababu tatu za kukataa.

Lakini nikueleze ilivyokuwa, maana nataka uijue. Ulipoita, sikufikiri chochote. Nilikuwa mbele ya wateja wangu wote, mtu mzima mwenye duka, unga mpaka kwenye nyusi, na miguu ikageuka yenyewe kuelekea barabarani. Nikajibu. Kwa sauti hii niliyonayo, ile ya chini, nikajibu kwa nguvu mpaka mbwa wa fundi akaamka: "Najaaa!"

Wakacheka wote. Fundi akaniuliza, "Unakwenda wapi?"

Nikamwambia nyumbani, nimeitwa.

Vado